Siku Niliyowatisha Watu wa Myamba

Vijana wangu,

Juzi mlikuja hapa kwangu Same, mkaniamkia vizuri, mkanikalisha kwenye kochi na kunipa simu niangalie filamu yenu ya kutisha. Niliangalia mpaka mwisho. Nilikula pia karanga zote mlizoniletea. Mlipouliza, "Babu, umeionaje?" nilisema ni nzuri sana, nanyi mkaondoka mnacheka. Nisameheni, niliwadanganya. Mtu anayeangalia filamu ya kutisha huku anapapasa chini ya kochi kutafuta karanga iliyodondoka hajatishika hata kidogo.

Zuhura, wewe uliyecheza mzimu, usikasirike. Ulijitahidi. Ule unga usoni ulikaa, na rangi nyekundu mdomoni ilichuruzika kama ilivyopaswa. Tatizo ni kwamba muda wote nilikuwa namwona Zuhura mtoto wa jirani, na nilichowaza ni mama yako atasema nini akikuta unga wa ugali umekwisha. Na wewe Baraka, uliyeweka muziki, ile kelele ya ghafla kila mzimu anapotokea ingefaa zaidi kufukuzia ngedere shambani.

Ningewaeleza haya kwa mdomo, lakini koo langu halina tena nguvu ile. Miaka ya maiki mbovu na vumbi la Same imelimaliza, ndiyo maana nilistaafu. Kwa hiyo naandika. Mtavumilia mwandiko, na mtavumilia kurukaruka kwangu, maana mambo haya hayanijii kwa mpangilio.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye DJ Tangawizi. Zamani, kabla kila mtu hajawa na sinema yake mfukoni, tulikuwa na mabanda ya video: chumba, mabenchi, runinga moja, na mablanketi madirishani kuzuia mwanga. Filamu zilikuwa za lugha za watu wengine. Pembeni ya runinga alikaa mtafsiri na maiki yake, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili kinachosemwa, papo hapo, bila kurekodi. Sauti zote zilikuwa zake yeye mmoja: bwana, bibi, mtoto, polisi, hata mbwa. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Jina la Tangawizi nilipewa na watu wa Myamba, kule milimani, ambako zao hilo ndilo linalosomesha watoto. Walisema sauti yangu inamkwaruza koo msikilizaji. Mimi nililichukua kama sifa.

Aliyenifundisha ni marehemu Mwalimu Yoeli, mzaliwa wa Myamba, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha akaona hawezi kukaa bila watu wa kuwaeleza mambo. Alikuwa na chumba cha kupanga hapa Same, na banda lake mwenyewe kule Myamba, kwenye kiwanja chake jirani na gulio. Siku za kawaida tulionyesha Same. Siku ya gulio tulipanda Myamba na filamu zetu kwenye mfuko wa rambo. Nitawaambia alichonifundisha kuhusu kutisha watu. Nitawaambia pia jinsi mdomo wangu ulivyokaribia kuligeuza banda lile la Myamba kuwa ghala la tangawizi.

Filamu yangu ya kwanza ya kutisha niliiharibu kabisa. Mwanamke ananyata uani, giza, nyuma yake kuna kitu. Mimi nikaikaba maiki: "Jamani, jamani! Huyo hapo nyuma yake! Lina meno hilo, ndugu watazamaji, leo tutaona maajabu!" Benchi la mbele alikaa Mzee Lemburis, mfugaji wa huku tambarare, ambaye akishauza ng'ombe wake mnadani alipenda kuja kwetu kupumzisha miguu. Akainua fimbo.

"Wewe kijana," akasema, "kama unaliona, si umwambie huyo mama akimbie? Unatuambia sisi ili tufanye nini?"

Banda zima likavunjika mbavu. Mzimu ukatokea, ukanguruma, ukamshika mama wa watu, na hakuna aliyeuona kwa sababu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko.

Mwalimu hakunigombeza mbele za watu. Walipotoka akaniuliza, "Nani alikuambia kwamba wao hawaoni?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Meno wameyaona. Wewe waambie kitu wasichokiona."

"Kama nini?"

"Waambie huyo mama amebandika maharage."

Nilidhani ananitania. Kesho yake tukairudia filamu ileile, na ilipofika sehemu ile nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama huyu ametoka mara moja tu kuchukua kuni. Maharage yako jikoni, na mtoto amelala." Nikaishia hapo. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na dada yake, "Rudi ndani, mama. Rudi ndani." Hakuna aliyecheka. Yule mama alikuwa amekuwa mtu wao.

Baraka na Zuhura, msichana wenu anakimbia dakika tano nzima kwenye mkonge. Anatoka wapi? Ameacha nini jikoni? Mimi simjui, na mtu nisiyemjua akikimbia namwona mwanariadha.

Mwalimu alinifundisha pia kutoangalia runinga. Filamu yenyewe nilikuwa naijua, kwa hiyo macho yangu yalipaswa kuwa kwa watazamaji. Na kwa watazamaji usiangalie nyuso, maana mwanaume wa Kipare anaweza kuogopa mpaka roho ikamtoka na uso wake ukabaki vilevile kama yuko kwenye kikao cha shule. Angalia miguu. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, mabenchi mafupi. Mtu akiogopa kikweli, anainua miguu kutoka chini bila kujijua, kama vile chini ya benchi kuna kitu. Nikiona miguu yote imepanda, nilijua kazi imefanyika.

Miguu ile ilinifundisha kwamba watu hawatishwi na kitu kimoja. Filamu za damu zilikuwa za bure mbele ya wafugaji. Waliitazama damu kama watu walioketi buchani wakisubiri zamu. Lakini siku moja tuliweka filamu ambayo mpaka katikati haikuwa imetokea lolote. Shamba la ugenini, ng'ombe wanakula, wamevaa kengele, mchungaji amelala kivulini. Watu wa mjini wanapiga miayo. Nikawa natafuta neno la kuwachangamsha, mara nikamwona Mzee Lemburis na mwenzake wamesimama. Wamesimama wima, fimbo mkononi.

"Kengele," akasema. "Kengele zimenyamaza."

Kweli zilikuwa zimenyamaza. Mimi sikuwa nimeona. Wale wa mjini walipowaona wazee wawili wasioogopa simba wamesimama namna ile, miayo ikakatika, miguu ikapanda, na hakuna aliyejua anaogopa nini.

Mara nyingine tulibeba jenereta mpaka Kighare, kule milimani, tukipitia Mwanga. Filamu ilikuwa na ukungu. Waliotengeneza waliutegemea sana ule ukungu. Ulifunika nyumba, ukafunika miti, ukaingia mpaka dirishani. Banda limetulia tuli. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mbona hawajaanua nguo?" Nilikuwa nimesahau kwamba Kighare watu wanaamka kwenye ukungu na kulala kwenye ukungu. Kwao hiyo ilikuwa hali ya hewa. Na kweli, uani mwa nyumba ile kulikuwa na nguo kwenye kamba.

Onyesho la pili nilijirekebisha. Ukungu ulipofika nikasema, "Nguo hazijaanuliwa. Na kuna gauni moja pale kwenye kamba ambalo si la mtu yeyote wa nyumba hii." Bibi yule alikuwepo tena. Alijifunika kanga mpaka machoni, akaangalia filamu yote iliyobaki kupitia tobo la nyuzi. Alipotoka akaniambia mimi ni mtoto mbaya, na akanipa ndizi.

Sijawahi kuwa hodari wa Kiingereza, hili mlijue. Kidato cha nne kilinipa matokeo ambayo mpaka leo siyatamki. Mwalimu alinieleza hadithi mapema, nikaijaza mwenyewe. Siku aliyougua nikafungua filamu nisiyoijua, tena nikiwa nimechelewa. Kuna bibi mwenye nywele nyeupe anatembea ndani ya nyumba ya watu, hasalimii, hakai, hali. Nikaamua huyu ni mama mkwe, amekuja kwa basi kutoka Mwanga kumkagua mke wa mwanawe. "Anaingia jikoni," nikasema. "Anafunua sufuria." Wanawake walipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia tena, hata kwa mizimu waliyoilipia kiingilio. Mwishoni ikaonekana wazi kwamba yule bibi alikuwa maiti tangu mwanzo wa filamu. Banda zima likanigeukia. Nikasema, "Alifariki njiani, jamani. Sikutaka kuwashtua." Mwalimu alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya kicheko akaniambia jambo ambalo nimeishi nalo. Alisema mzimu unaovunja mlango haumtishi mtu wa kwetu. Anayevunja mlango ni mwizi, na mwizi anapigiwa yowe, majirani wanatoka na mapanga, kesho tunaongea mengine. "Lakini," akasema, "mzimu ukibisha hodi, ukasubiri?"

Fikirini. Umelelewa kwamba mgeni akibisha hodi, kunyamaza ni kukosa adabu. Nawe unajua aliyeko nje si mtu. Ukisema karibu, umemruhusu. Ukinyamaza, umemtukana, na bado amesimama. Tangu siku ile mizimu yangu yote ilikuwa na adabu nzuri. Walibisha hodi kwa sauti ya kinyenyekevu, wakaulizia wazee wa nyumba, wakaulizia mifugo. Watu walikuwa wanawaomba waondoke kwa heshima: "Hawapo! Hawapo, rudi kesho!"

Sasa kaseti zikapita, zikaja CD, zikaja flashi, wakaja watafsiri wa kurekodi ambao hawajawahi kuona mguu wa mtazamaji hata mmoja. Katikati ya mabadiliko hayo Mwalimu Yoeli akafariki, Myamba, kwa ugonjwa wa siku chache. Tulimzika kwa nyimbo za kwaya yake. Nililia kama niliyefiwa na baba, na sioni aibu kuliandika hilo.

Aliacha mtoto mmoja, dada Naetwe, muuguzi kule Mwanga. Alikuwa zamu wakati baba yake anaumwa. Wiki ile walikuwa wamepigiana simu mara kadhaa na mtandao ukawakatalia. Alipofika, alikuta wanachonga msalaba. Kilichomuuma zaidi, aliniambia baadaye, ni kwamba hakuisikia sauti yake.

Chumba cha Same tukakirudisha kwa mwenyewe. Likabaki banda la Myamba, ambalo sasa ni la Naetwe. Baba zake wadogo, wawili, walilitaka liwe ghala, kwa sababu tangawizi ya gulio ilikuwa inanyeshewa mvua. Siwezi kusema walikuwa wabaya. Lilikuwa ombi la maana. Naetwe akawaambia wasubiri, kisha akaniita.

"Baba alikuwa akiniambia hii ni kazi ya maana," akasema. "Mimi sijawahi kuiona. Nitakuja siku ya gulio, nikae kama watu wengine. Nikikuta ni makelele tu, nyumba nawapa baba zangu waweke tangawizi yao."

"Utaona, dada."

"Na usinipambie, DJ."

Mnanijua. Kuniambia nisipambe ni kama kumwambia jogoo asubiri mapambazuko yaishe. Wiki nzima sikulala vizuri nikitafuta kitu kitakachoinua miguu yote ya Myamba kwa pamoja. Nikachagua filamu ya mwanamke aliyehamia peke yake kwenye nyumba ya zamani. Katikati yake kuna mtu anakuja mlangoni, anagonga, na haonekani.

Lazima niwaeleze jinsi Mwalimu Yoeli alivyokuwa akifika kwenye nyumba za watu. Myamba nzima iliijua. Alisimama penye kona ya nyumba, akakohoa mara mbili, na badala ya hodi akasema kwa sauti ya darasani, "Jamani, moshi nauona, watu siwaoni!" Watoto walikimbia kumpokea. Alifanya hivyo kila nyumba, kila siku, miaka yote niliyomjua. Na mimi, kwa kazi yangu ya kuiga, nilikuwa nimeishika sauti ile mpaka mkwaruzo wake.

Ilikuwa saa nane mchana. Nje jua kali na kelele za gulio, ndani mablanketi yametundikwa, mwanga unapenya kwenye matundu ya misumari ya bati. Banda limejaa. Naetwe amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, mkoba magotini. Nilitafsiri vizuri siku ile. Mwanamke wa kwenye filamu nilimpa chai jikoni, nikampa barua anayoisubiri, nikampa mguu unaouma wakati wa baridi. Wakampenda. Ndipo mlango ukagongwa.

Nikakohoa mara mbili. "Jamani," nikasema, "moshi nauona, watu siwaoni."

Miguu yote ilikuwa juu, ya wazee, ya vijana, hata ya yule fundi cherehani ambaye alizoea kulala mpaka mwisho. Nawaambieni ukweli, nilisikia raha. Kwa muda mfupi nilijiona fundi kuliko mafundi wote.

Halafu sauti ya kike ikajibu kutoka nyuma, tulivu kabisa.

"Tupo, baba. Pita ndani."

Sijui nani alianza kukimbia. Mabenchi yalianguka. Blanketi moja lilitoka na mwanaume aliyepitia dirishani akiwa na jembe alilonunua asubuhi ile. Nyanya za mtu zilikanyagwa zikawa mchuzi. Na msidhani mimi nilibaki. Mimi niliyesema maneno yale kwa mdomo wangu mwenyewe nilikimbia na maiki mkononi, mpaka waya ulionizunguka shingo ukanivuta pale mlangoni.

Niliporudi nilimkuta Naetwe amekaa palepale. Filamu ilikuwa inaendelea kuongea lugha yake na mabenchi yaliyopinduka.

"Zima," akasema.

Nikazima. Nikasimama mbele yake nikiwa sijui niweke wapi mikono. "Nisamehe, dada. Nilitaka tu..."

"Ulitaka waogope."

"Ndiyo."

"Mimi sikuogopa, DJ. Mimi nilifurahi." "Muda wa kumeza mate tu, nilifurahi. Halafu nikakuona wewe na hiyo maiki."

Akachukua mkoba wake akatoka. Vijana, nimewahi kuzomewa, nimewahi kutupiwa maganda ya miwa. Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile. Sauti ile niliyoiiga ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa na mtoto, na mimi niliichukua bila kuuliza ili niwachezeshe watu miguu.

Habari zikaenea kwamba Mwalimu Yoeli amerudi bandani kwake. Gulio lililofuata hakuingia mtu. Cha ajabu, hata tangawizi haikuingia. Baba zake wadogo walileta magunia mpaka mlangoni, wapagazi wakayatua hapo na kukataa katakata kuvuka kizingiti. Wale wazee wawili wenyewe, walipoombwa waonyeshe mfano, kila mmoja akakumbuka ana shughuli nyumbani. Mchungaji akaitwa, akaomba akiwa barazani, na maombi yake yalikuwa mafupi kuliko kawaida.

"Umetuharibia nyumba," mkubwa wa wale baba wadogo akaniambia. "Si ya video, si ya tangawizi. Ya nani sasa?"

Mwenye jibu alikuwa Naetwe. Aliomba ruhusa kazini, akapanda Myamba, na asubuhi ya gulio jingine akafungua mlango wa banda wazi kabisa. Akaweka benchi katikati, ungo mbele yake, gunia la mahindi pembeni, akaanza kupukuchua. Peke yake. Alikuwa amevaa kanga ya nyumbani. Wanawake waliopita kwenda gulioni walimsalimia kwa mbali wakiongeza mwendo.

Mwishowe jirani yake, Mama Elinami, akasimama pale nje. "Naetwe, uko na nani humo?"

"Niko na mahindi, na hayaishi."

Mama Elinami akachungulia kona zote nne. Akachungulia tena. "Haya, sogea," akasema, akaingia na kuketi. Saa ya pili walikuwa watatu. Ilipofika saa nane mchana mabenchi yalikuwa yamejaa, kila mtu na gunzi mkononi, na hata fundi cherehani alikuwa amerudi kwenye kona yake.

Naetwe akanigeukia. "Weka ileile."

"Dada, tuweke ya vichekesho."

"Ileile, mpaka mwisho. Wakikimbia tena leo, nyumba naiacha kwa baba zangu, watatafuta wa kuwabebea magunia. Wasipokimbia, ni banda la baba yangu."

Barazani wale wazee walikuwa wameketi juu ya magunia yao wanasubiri. Nikaweka. Nikachomeka waya sipo, nikaurudia. Nilitafsiri kama nilivyofundishwa, bila mbwembwe: chai, barua, mguu unaouma. Kwa ajili ya ule mlango nilikuwa nimeandaa maneno salama. Mgongaji angekuwa tarishi, mwenye sauti nyembamba isiyofanana na ya mtu yeyote wa Myamba.

Mlango ukagongwa. Mahindi yakanyamaza kwenye ungo. Nikafungua mdomo, nikawaangalia. Wengine walikuwa wanatazama runinga. Wengi walikuwa wamegeuka kabisa, wanatazama mlango wa banda, ule uliokuwa wazi, wenye jua na magunia nje. Kila mmoja uso wake ulikuwa na mtu wake. Nikaelewa kwamba lolote nitakalosema litamfukuza yule anayesubiriwa. Nikaweka maiki gotini na kupunguza sauti ya filamu mpaka mwisho.

Mwanamke wa kwenye runinga alisimama na mkono kwenye komeo. Ilichukua muda mrefu. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Elinami alianza kulia polepole, mwenzake akamsugua mgongo. Miguu yote ilikuwa juu, nami nilikuwa nimeinua ya kwangu. Lakini hakuna aliyekimbia. Halafu mlango ukafunguliwa, hadithi ikaendelea, nikachukua maiki nikatafsiri mpaka mwisho.

Walitoka taratibu, wakikusanya magunzi yao. Naetwe alibaki akifunga madirisha. Alipofika la mwisho akasimama.

"DJ, leo pale mlangoni umesema nini?"

"Sijasema kitu, dada."

"Hukusema?"

"Maiki ilikuwa gotini. Waulize wenzako."

Akautazama mlango. "Mimi nimemsikia," akasema. "Hata kile kikohozi."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga, akatoka barazani, akawaambia baba zake wadogo watafute ghala kwingine.